Baada ya arobaini: maswali ya mzazi kuhusu tendo la ndoa na uzazi wa mpango

Maswali haya nimeyakusanya kliniki siku za chanjo, kwa akina mama wanaobaki nyuma wenzao wakishaondoka. Wengi huanza hivi: "Dada nesi, nina rafiki yangu anauliza..." Rafiki huyo namjibu hapa. Utaratibu wa huduma ninaoutaja ni wa Tanzania. Ukiwa Kenya au kwingine njia ni zilezile, majina ndiyo hubadilika. Mwenye haraka aanzie swali la 8 na la 9, maana mimba nyingi za bahati mbaya ninazoziona hutokea hapo.

## Mwili na tendo la ndoa

1. Nimejifungua salama. Nikae muda gani kabla ya kukutana na mume wangu?

Hakuna tarehe moja ya wote. Yapo mambo mawili ya kuangalia: damu ya uzazi iwe imekata, na vidonda viwe vimepona. Kondo la nyuma linapotoka huacha kidonda ndani ya mfuko wa uzazi, na mlango wa kizazi huchukua muda kufunga. Ukikutana na mume kabla ya hapo, vijidudu vinaweza kupanda juu na kukuletea homa na maumivu ya tumbo. Kwa wengi damu hukata kati ya wiki ya 4 na ya 6, ndiyo maana tunazungumzia wiki sita.

Ratiba ya mahudhurio ya mzazi nayo inaishia hapo: ndani ya saa 48, siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Hudhurio hilo la mwisho wengi hulipeleka kwa mtoto tu, anachomwa chanjo zake za wiki sita, mama anamfunga mgongoni na kuondoka. Siku hiyo na wewe uangaliwe. Ukifika siku ya 42 hujisikii, huna deni la mtu.

2. Kwa hiyo arobaini ni ya dini, ya mila au ya hospitali?

Zimekutana njiani. Mila za pwani zilimpa mzazi siku arobaini za kukandwa maji ya moto, kunywa uji wenye pilipili manga na kulala na mtoto wake, baba akihamia kitanda kingine. Kwa Waislamu kuna hukumu ya nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, na hapo wengi huchanganya: siku arobaini si lazima zitimie. Damu ikikata mapema, mama anaoga na kuswali, na kisheria mume anakuwa halali kwake. Ikiendelea, kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, mwisho wake ni siku 60. Uhalali wa kidini na kupona kwa mwili ni mambo mawili tofauti, kwa hiyo shehe muulize la kwake, na mkunga la kwake.

3. Nilijifungua kwa upasuaji. Huku chini hakujaguswa, kuna haja gani ya kusubiri?

Kidonda cha kondo kiko palepale, na damu inatoka vilevile. Juu yake una mshono wa tumbo ambao kwa nje unafunga mapema, lakini ndani bado. Subirini wiki sita. Mkianza, tafuteni mkao usiokandamiza tumbo: kulala ubavu, au mama juu.

4. Niliongezewa njia nikashonwa. Sasa nikijaribu nasikia kama nakatwa na wembe. Nimeshonwa vibaya?

Huenda hapana. Nyuzi zinazotumika siku hizi huyeyuka zenyewe, na kidonda cha kawaida hufunga ndani ya wiki chache. Maumivu ya wembe mara nyingi yanatokana na ukavu. Mama anayenyonyesha ana kichocheo kidogo cha estrojeni, na uke unakuwa mwembamba na mkavu hata moyo ukiwa na hamu. Nendeni taratibu, muandaane muda mrefu kuliko zamani, na tumieni kilainishi cha maji kinachouzwa duka la dawa.

Hapa kuna kosa ninalokutana nalo kila mwezi. Mafuta ya nazi, Vaseline na losheni ya mtoto haviendani na kondomu za kawaida za mpira, vinauchosha mpira mpaka unapasuka. Mama mmoja aliniletea malalamiko kwamba kondomu za serikali ni feki, zimepasuka mbili kwa wiki moja. Kopo la mafuta alilokuwa akitumia lilikuwa kwenye mkoba uleule wa nepi, nikamwonyesha.

Rudi kituoni kama maumivu hayapungui baada ya miezi miwili au mitatu, kama kuna uvimbe au usaha, au kama ulichanika mpaka njia ya haja kubwa. Wa namna hiyo asianze kabla hajaangaliwa na daktari. Ukiona mkojo au haja inavuja bila wewe kujua, soma swali la 20.

5. Sina hamu hata kidogo. Mume anasema nimepata mtu.

Baba, keti usome hili pamoja naye. Kichocheo kinachotengeneza maziwa ndicho hichohicho kinachopunguza hamu. Juu ya hapo kuna usingizi wa vipande vipande, nepi, wageni wa kumtazama mtoto wanaotaka chai. Huyu hajapata mtu, amepata mtoto. Hamu hurudi kidogo kidogo, kwa wengine ndani ya miezi mitatu, kwa wengine baada ya kupunguza kunyonyesha. Baba anayefua nepi na kumshika mtoto saa mbili mama alale, huirudisha mapema kuliko anayenuna.

Maziwa kuchuruzika wakati wa tendo nayo ni kawaida. Nyonyesha kabla, weka kanga karibu, maisha yaendelee.

Ila kama huna hamu ya chochote, hata ya kula wala ya kumtazama mtoto, unalia bila sababu zaidi ya wiki mbili, au yanakujia mawazo ya kujidhuru wewe au mtoto, hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua. Inatibika. Usingojee tarehe ya kliniki, nenda leo.

6. Nahisi nimelegea. Somo yangu kaniambia niweke shabu.

Usiweke. Shabu hukausha na kuchubua ngozi ya ndani, na mchubuko ni mlango wa magonjwa, ukiwemo virusi vya UKIMWI. Ndimu, ugoro na majani ya kufukiza nayo ni hivyohivyo. Kukalia beseni la maji ya moto kumewaunguza wazazi wengi mahali ambapo hata kuonyesha wanaona haya.

Kinachofanya kazi ni mazoezi ya misuli ya nyonga. Bana kama unayezuia mkojo na upepo kwa pamoja, hesabu mpaka tano, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, ukiwa unanyonyesha au kwenye daladala, hakuna atakayejua. Matokeo utayaona baada ya wiki kadhaa.

7. Tukikutana wakati nanyonyesha, mtoto hatabemendwa?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Jibu ni hapana, tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto. Shahawa haziingii kwenye maziwa, na maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa, hata kama baba ametoka nje ya ndoa. (Kutoka nje kuna hatari nyingine, iko swali la 18.)

Lakini bibi zetu hawakuwa vipofu. Waliona mama anarudi kwa mume mapema, baada ya muda mtoto anadhoofu, miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu, halinyanyui jicho. Walichokiona ni utapiamlo. Mama alishika mimba, akamwachisha mtoto ziwa ghafla, mtoto akabaki na uji mwepesi. Waga, kabila la kule Ghana, waliipa hali hiyo jina linalomhusu mtoto anayeugua mdogo wake anapokuja, na miaka ya 1930 daktari Cicely Williams akaliingiza kwenye utabibu: kwashiorkor. Kwa hiyo anayemlinda mtoto asibemendwe ni mama anayechelewesha mimba inayofuata na kuendelea kunyonyesha. Na ukimwona mtoto wa hali hiyo mtaani, usimtafute aliyembemenda, mpeleke akapimwe uzito.

## Mimba inarudi lini

8. Sijaona siku zangu tangu nijifungue. Naweza kushika mimba?

Ndiyo. Yai hupevuka kwanza, hedhi hufuata kama wiki mbili baadaye. Ukingoja hedhi ikupe taarifa, inaweza isije kabisa, kwa sababu lile yai la kwanza limeshatungwa. Asiyenyonyesha ahesabu kwamba yuko hatarini kuanzia siku ya 21, yaani kabla hata ya arobaini.

Namkumbuka mama aliyeleta mtoto kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Akaniambia ana gesi, tumbo linamsumbua jioni, linacheza. Nikamlaza, nikasogeza kanga. Mfuko wa uzazi ulikuwa usawa wa kitovu, mimba ya wiki kama 20. "Mbona sijaona siku zangu?" akaniuliza, kana kwamba ndiyo ushahidi wa kunikanusha. Mtoto alikuwa na miezi mitano tu mimba ilipoingia, na uji alianza kupewa akiwa na mitatu. Wiki ya sita sisi wenyewe tulimchanja mtoto, tukamwambia mama "haya, rudi mwezi ujao," wala hakuna aliyemuuliza habari za uzazi wa mpango.

9. Si wanasema kunyonyesha kunazuia mimba?

Kunazuia vizuri sana kama masharti matatu yametimia kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi sita, na anapewa ziwa tu mchana na usiku, bila uji, maji wala maziwa ya kopo. Asipitishe zaidi ya saa nne mchana au sita usiku bila kunyonya. Katika hali hiyo, wanaoshika mimba hawafiki wawili kwa mia.

Sharti moja likianguka, kinga imeanguka. Mtoto akianza kulala usiku kucha, ukirudi kazini ukamwacha na dada, bibi akimwonjesha maji "maskini ana kiu": siku hiyohiyo anza njia nyingine.

10. Nipumzike muda gani kabla ya mimba nyingine?

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau miezi 24 tangu kujifungua hadi kushika mimba, yaani watoto watapishana karibu miaka mitatu. Aliyejifungua kwa upasuaji azingatie zaidi, kovu la mfuko wa uzazi linahitaji muda. Mimba ikiharibika, ushauri ni kungoja angalau miezi sita.

## Kuchagua njia

11. Njia gani naweza kuanza, na lini?

Kondomu, siku mtakayoanza kukutana. Hizo hazina mjadala.

Kitanzi cha madini ya shaba, ambacho wengine wanakiita lupu na Wakenya koili, huwekwa ndani ya saa 48 za kujifungua, hata palepale kondo likishatoka. Muda huo ukipita, subiri wiki nne. Hakina vichocheo (homoni) na hukaa miaka 10 hadi 12. Kikiwekwa mapema kina uwezekano zaidi wa kuchomoka, basi rudi kukaguliwa.

Vijiti vya mkononi unaweza kuwekewa hata kabla hujatoka wodini: Implanon ni kimoja, hukaa miaka mitatu, na Jadelle ni viwili, miaka mitano. Vidonge vyenye kichocheo kimoja pia huanza mapema, ila vinataka saa ileile kila siku. Ukichelewa zaidi ya saa tatu, tumia kondomu siku mbili zinazofuata. Kwa mama mwenye mtoto mchanga mimi sivipendi sana. Anayesahau kula chakula cha mchana atakumbukaje kidonge?

Sindano ya miezi mitatu, kwa anayenyonyesha, ianze wiki sita zikitimia. Asiyenyonyesha anaweza kuchomwa mapema. Vidonge vya kawaida vyenye vichocheo viwili ni vya mwisho kwenye foleni: anayenyonyesha angoje miezi sita, na asiyenyonyesha asivianze wiki tatu za kwanza, kwani damu ya mzazi huganda kirahisi kipindi hicho.

Kufunga kizazi hufanyika ndani ya siku saba au baada ya wiki sita. Hiyo ni ya kudumu, usiiamue ukiwa na uchungu.

Kwenye vituo vya serikali huduma hii hutolewa bure.

12. Hizo dawa hazitakausha maziwa?

Vyenye vichocheo viwili vinaweza kupunguza maziwa, ndiyo sababu ya ile miezi sita. Kijiti, vidonge vya kichocheo kimoja na sindano havikaushi. Kitanzi cha shaba hakihusiani na maziwa kabisa.

13. Nikichoma sindano sioni siku zangu. Ile damu inakwenda wapi? Na nitazaa tena kweli?

Haiendi popote, kwa sababu haikutengenezwa. Kila mwezi mfuko wa uzazi hujitandikia godoro la damu kumngojea mtoto, asipokuja linatolewa nje, hiyo ndiyo hedhi. Sindano huzuia godoro lisitandikwe. Hakuna damu inayoganda tumboni wala kupanda kichwani.

Kuzaa utazaa, ila sindano ina uvivu wa kuondoka. Wengi huchukua miezi kadhaa, hata kukaribia mwaka, tangu sindano ya mwisho. Anayetaka mtoto mwakani achague kijiti au kitanzi, maana kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja. Ukichelewa tarehe ya sindano bado unaweza kuchomwa ndani ya wiki nne. Zaidi ya hapo, upimwe mimba kwanza.

14. Nasikia kijiti kinatembea mpaka moyoni, na kitanzi kinamchoma mume.

Kijiti kikiwekwa sawasawa chini ya ngozi kinabaki hapohapo, kiguse mwenyewe kwa kidole. Usipokipapasa popote, rudi. Kinachosumbua watu kwa kweli ni matone ya damu yasiyo na ratiba, hasa miezi ya mwanzo. Yasipovumilika zipo dawa za kuyapunguza, na ukitaka kitolewe ni haki yako, hata kama kina miezi miwili.

Kitanzi kiko ndani ya mfuko wa uzazi, mwanamume hafiki huko. Anachoweza kugusa ni nyuzi zake. Zikimkera, zinapunguzwa au kusukumwa pembeni kwa dakika chache. Na hakuna mtoto anayezaliwa amekishika mkononi kwa sababu ya ukaidi wake. Hadithi hiyo ni tamu, lakini hadithi.

15. Sisi tunafuata kalenda.

Kalenda inahitaji mizunguko. Hedhi ikiwa haijarudi huna cha kuhesabu, na ikirudi, ile ya kwanza huyumba. Tumieni njia nyingine mpaka angalau mizunguko mitatu mfululizo iwe imepita na imetulia. Familia za Kikatoliki zinazofuata dalili za ute, tafuteni mwalimu anayejua hali ya mama anayenyonyesha, kwa sababu ute wake haufanani na wa zamani.

16. Tulijisahau jana. Nimeze P2?

P2 ni vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Kama hujafikisha siku 21 tangu ujifungue, haina haja. Kama umepita, na masharti ya swali la 9 hayajatimia, imeze mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 72. Unaendelea kunyonyesha kama kawaida. Anayeinunua kila wiki aje tumpe njia inayoeleweka. P2 haikutengenezwa kwa mazoea.

17. Mume wangu hataki kusikia. Lazima asaini?

Kwa kijiti, sindano, kitanzi au vidonge, hapana. Mwili ni wako, na siri yako inabaki kwenye faili. Njia isiyoonekana kwa urahisi ni sindano. Hata hivyo, nimeona wanaume wengi wakilainika wakishakaa wao wenyewe kwenye kiti cha ushauri. Wanachokiogopa huwa ni uvumi wa swali la 13 na la 14.

Na wewe baba unayesoma: ipo njia yako. Kufunga mirija ya mwanaume si kuhasiwa. Nguvu, hamu na maji vinabaki, zinazokosekana ni mbegu tu. Endelea na kondomu miezi mitatu ya mwanzo, mpaka zilizobaki njiani ziishe.

## Hali za pekee

18. Baba "alipotoka" nilipokuwa arobaini. Nifanye nini?

Kondomu kila mara mpaka wote wawili mpimwe, na mrudie kipimo kwa tarehe mtakayopewa. Mama anayeambukizwa virusi vya UKIMWI akiwa ananyonyesha hupata wingi mkubwa wa virusi mwilini kwa muda mfupi, na hatari kwa mtoto inapanda. Kipimo cha virusi ulichopimwa ukiwa mjamzito, hata kama kilikuwa safi, hakikulindi na la mwezi uliopita. Kama ni ndani ya saa 72, uliza kituoni kuhusu dawa za kujikinga.

19. Nilikuwa na presha ya mimba. Na mwenzangu yuko kwenye dawa za TB.

Mwenye presha, au aliyepata kifafa cha mimba, asianze vidonge vya vichocheo viwili kabla daktari hajaridhika na presha yake. Kitanzi ni rafiki mzuri hapo.

Rifampicin iliyomo kwenye dawa za TB hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti. Sindano na kitanzi vinaendelea kufanya kazi. Kwa wanaotumia ARV, efavirenz hudhoofisha kijiti, ila dolutegravir, ambayo wengi wanaitumia sasa, haina tatizo hilo. Taja dawa zako zote hata usipoulizwa.

20. Mkojo unavuja tangu nijifungue. Mume amehama chumba.

Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya haja kubwa, na si laana. Inashonwa. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, hutibu fistula bila malipo. Baada ya kushonwa hakuna kukutana kwa angalau miezi mitatu, na ukija kushika mimba tena ujifungue kwa upasuaji.

21. Mtoto wangu alifariki. Hayo ya uzazi wa mpango yananihusu?

Pole sana, mama. Yanakuhusu, tena mapema kuliko wengine. Ziwa lisiponyonywa, yai linarudi haraka, na wapo ndugu watakaokuhimiza "uzibe pengo." Nenda kwanza ujue kilichotokea, presha, maambukizi au sukari, kabla ya mimba nyingine. Ukipewa njia ya muda mfupi, siku moyo na mwili vitakapokuwa tayari utaiacha.

22. Nimechelewa kusoma haya. Mtoto ana miezi mitano na kipimo kina mistari miwili. Nimwachishe ziwa?

Usimwachishe. Maziwa ya mama mjamzito hayana sumu. Endelea kumnyonyesha mtoto ziwa tu mpaka miezi sita, kisha uanze kumpa chakula kizito huku ukinyonyesha. Kula mlo mmoja zaidi kwa siku. Anza kliniki ya ujauzito wiki hii, upimwe damu na upewe vidonge vya madini ya chuma, maana damu uliyopoteza kwa mtoto huyu bado hujairudisha. Kama ulijifungua kwa upasuaji, waambie siku hiyohiyo ya kwanza, na mpange utajifungulia hospitali gani. Nikiona maziwa yanapungua au mtoto hapandi uzito, tutazungumza cha kumwongezea. Njoo naye, na kadi zote mbili.